Kasi 240, OLED au 8K: runinga ipi inaifaa PlayStation 5?

"Mtaalamu, hongera kwa kazi. Nimenunua PlayStation 5 na bado naichezea kwenye runinga yangu ya zamani ya inchi 40, ambayo ni HD tu. Nataka runinga mpya lakini kichwa kinaniuma. Muuzaji wa kwanza ananiambia nichukue ya inchi 65 yenye 'kasi 240' na HDMI 2.1. Wa pili anasema bila OLED nitakuwa nimetupa fedha, ila rafiki yangu anadai OLED huungua, alama za gemu zikabaki kwenye kioo milele. Wa tatu ananisukumia 8K ili 'isipitwe na wakati'. Mimi hucheza mpira na gemu za risasi karibu kila jioni, sebuleni, na mchana wenzangu nyumbani hutazama taarifa ya habari kwenye runinga hiyohiyo. Tunakaa kama mita mbili na nusu kutoka ukutani. Nitafute nini hasa? Na ile milisekunde moja wanayoitangaza ina maana yoyote?"

Pole kwa mzunguko huo wa madukani. Kila mmoja wa hao watatu amekuambia jambo lenye chembe ya ukweli, ila inaonekana hakuna aliyekuuliza unacheza gemu gani, unakaa umbali gani na nani mwingine anaitumia runinga hiyo. Wewe umenieleza yote, kwa hiyo umenirahisishia kazi. Nitaanza na mkono wako, kwa sababu hapo ndipo runinga ya gemu inapoachana na runinga ya kutazamia filamu.

Unapobonyeza kitufe cha pedi, amri huingia kwenye PlayStation, nayo hutengeneza picha mpya, yaani fremu, kisha huipeleka kwenye runinga kupitia waya wa HDMI. Gemu inayokwenda fremu 60 kwa sekunde hutoa fremu moja kila milisekunde 16.7. Fremu hiyo ikifika, runinga haiionyeshi papo hapo. Huishika kwanza, ikaisafisha, ikaikoleza rangi, ikailinganisha na fremu jirani ili miendo ionekane laini. Anayetazama filamu hapati hasara yoyote, kwa kuwa sauti nayo hucheleweshwa vikaenda pamoja. Wewe mwenye pedi mkononi unapata hasara. Runinga ikiishika picha kwa milisekunde 100, umeachwa nyuma fremu sita nzima: adui ameshatokeza mlangoni na ameshafyatua, na kwenye kioo chako mlango bado mtupu.

Hali ya gemu iliyomo kwenye menyu za runinga iliwekwa kwa sababu hiyo. Ukiiwasha, runinga huacha karibu marembo yote na kuipitisha picha moja kwa moja. Runinga nzuri za sasa hushuka hadi karibu milisekunde 10 zinapopokea Hz 60, yaani picha 60 kwa sekunde, na chini ya hapo zinapopokea Hz 120. Kama hujawahi kuiwasha hali hiyo kwenye runinga yako ya zamani, iwashe leo usiku kabla hujatumia hata senti moja. Wapo watu ambao hatua hiyo peke yake imewatosha kwa mwaka mwingine.

Sasa ile milisekunde moja. Hiyo ni habari nyingine kabisa, na wauzaji wengi huichanganya na hii niliyoieleza. Inapima muda ambao nukta moja ya kioo, pikseli, huchukua kubadilika kutoka rangi moja kwenda nyingine, na mara nyingi hupimwa katika mazingira yanayoipendelea runinga. Kwa OLED dai hilo ni la kweli, tena pikseli zake hubadilika chini ya milisekunde moja. Kwa runinga nyingi za LED, ambazo kioo chake humulikwa na taa za nyuma, si hivyo, hasa pikseli inapotoka kwenye weusi kwenda kwenye kijivu cha giza. Hapo hujikokota na kuacha ukungu nyuma ya kitu kinachopita. Kwa hiyo kuna kuchelewa kwa aina mbili. Picha ikichelewa kuja, unakosa shabaha. Ikichelewa kubadilika, mpira unakuwa na mkia. Unapolinganisha runinga, tafuta kipimo cha aina ya kwanza kilichofanywa na wakaguzi huru walioipima kwa kifaa, na usiridhike na namba iliyochapwa kwenye boksi.

"Kasi 240" ni namba ya aina hiyohiyo ya boksi. Kioo cha runinga huonyesha picha mpya mara 60 au mara 120 kila sekunde, na vichache siku hizi hufika 144 au zaidi. Hizo ndizo Hz za kweli. Namba kama 240 kwa kawaida hutokana na runinga kujitungia fremu za katikati au kuwasha na kuzima taa ya nyuma haraka haraka, halafu kampuni ikalipatia jambo hilo jina la kupendeza. Runinga yenye "kasi 240" yaweza kuwa na kioo cha Hz 120, na yaweza pia kuwa na kioo cha Hz 60. Kuna hata runinga za Hz 60 zinazokubali Hz 120 kwa kupunguza nusu ya mistari ya picha, kisha zikatangaza 120 hiyo kwa herufi kubwa. Mwulize muuzaji swali hili, na umwombe akuonyeshe jibu kwenye karatasi ya maelezo ya kiwandani: je, kioo hiki kinapokea 4K kwa Hz 120 kupitia HDMI? Akianza kuzungukazunguka, chukulia kwamba hakipokei. (4K ni wingi wa nukta za picha, kama milioni 8.3.)

Suala la HDMI 2.1 linahitaji subira kidogo, kwani hapa ndipo watu makini nao hudanganyika. HDMI 2.0 ilikuwa na uwezo wa kupitisha gigabiti 18 kwa sekunde, na hizo zinatosha 4K kwa Hz 60. Mwaka 2017 kikatoka kiwango cha 2.1 chenye uwezo wa kufika gigabiti 48, na hapo ndipo 4K kwa Hz 120 ilipopata njia. Lakini sifa nyingi za kiwango hicho ni za hiari. Mtengenezaji anaweza kuweka moja tu, kwa mfano ile inayoifanya runinga ihamie yenyewe kwenye hali ya gemu, na akaandika 2.1 bila kuvunja kanuni, ingawa kioo ni cha Hz 60. Kwa hiyo maandishi ya 2.1 peke yake hayakuhakikishii chochote. Na usihangaike kutafuta gigabiti 48 kamili, kwa kuwa PlayStation 5 yenyewe haipeleki zaidi ya 32.

Hesabu pia matundu. Runinga nyingi zina matundu manne ya HDMI, na mara nyingi ni mawili tu yanayopokea Hz 120. Mara nyingi mojawapo ya hayo mawili ndilo pia linalotumika kuunganishia saundiba, yaani spika ndefu ya nje. Leo una PlayStation pekee, lakini kama unawaza kuongeza Xbox Series X baadaye, na saundiba juu yake, matundu yatagombaniwa. Nintendo Switch 2, iliyotoka Juni 2025, haina shida hiyo sana, kwani ikiwa kwenye runinga hutoa 4K kwa Hz 60, na Hz 120 kwa mwonekano wa chini zaidi, yaani wenye pikseli chache.

Je, unahitaji Hz 120 kweli? Gemu nyingi za PlayStation 5 zinakwenda fremu 60, nyingine 30. Zinazofika 120 ni chache kidogo, na mara nyingi hupunguza ukali wa picha ili zifike huko. Gemu zako za mpira kwa kawaida zitabaki 60. Gemu za risasi za mashindano ndizo hasa zinazotoa 120, na hapo tofauti utaihisi mkononi kabla ya kuiona machoni. Hata hivyo kioo cha Hz 120 kinakufaa hata gemu isipofika huko, na sababu yake ni kitu kinachoitwa VRR.

Fikiria ngoma na mchezaji. Runinga ya kawaida ni mpigaji anayepiga kwa mwendo uleule bila kumtazama mchezaji: mara 60 kila sekunde, liwe liwalo. Gemu ni mchezaji. Mlipuko mkubwa unapotokea, PlayStation inaelemewa, fremu inachelewa kidogo, na mguu unashuka baada ya mdundo kupita. Runinga hapo ina njia mbili tu: irudie fremu ya zamani, uone picha ikikwama, au ibadilishe picha katikati, uone kioo kama kimechanika, nusu ya juu na nusu ya chini hazikutani. VRR humfanya mpigaji amfuate mchezaji. Fremu ikiwa tayari, ndipo mdundo unapigwa. PlayStation 5 ilipata uwezo huu kwa sasisho la Aprili 2022, nao hufanya kazi kati ya Hz 48 na 120. Utaona mwenyewe kwa nini kioo cha Hz 60 hakifaidiki nao sana: kati ya 48 na 60 nafasi ni finyu mno.

Faida nyingine ya Hz 120 haitajwi madukani. Gemu kadhaa zina mpangilio wa fremu 40 kwa sekunde, unaohitaji kioo cha 120 kwa kuwa 120 hugawanyika kwa 40 bila baki, ilhali 60 haigawanyiki. Arobaini inasikika kama hatua ndogo kutoka 30, lakini angalia muda: fremu 30 huja kila milisekunde 33.3, fremu 60 kila 16.7, na fremu 40 kila 25, katikati kabisa ya hizo mbili. Unabaki na picha nzuri na mkono unakuwa mwepesi. Mimi huuchagua kila unapokuwepo.

8K nitaimaliza haraka. Kioo cha 4K kina pikseli milioni 8.3, cha 8K kina milioni 33. Kwa inchi 65 ukiwa mita mbili na nusu, macho yako hayatazitofautisha. Tena gemu nyingi za PlayStation 5 hazichorwi hata kwa 4K kamili. Huchorwa chini ya hapo kisha zikakuzwa. Ukilipia 8K, unalipia pikseli ambazo karibu hakuna gemu ya kuzijaza. Fedha hiyo ipeleke kwenye mwanga na weusi wa picha.

Na hapo ndipo moyo wangu ulipo. Karibu kila runinga inayouzwa sasa ina maandishi ya HDR, yaani picha yenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza. Maana yake ya chini kabisa ni kwamba inaupokea ujumbe wa HDR. Haina maana kwamba inaweza kuuonyesha. Picha za kawaida hutengenezwa kwa kiwango cha mwanga cha niti 100 (niti ni kipimo cha mng'ao wa kioo). HDR inataka jua liwake, cheche zichome macho, na pembeni yake kivuli kibaki kivuli. Runinga ya bei nafuu yenye niti 300 na taa moja inayomulika kioo kizima haiwezi. Ikiongeza mwanga wa jua, inaongeza na mwanga wa pango, na adui aliyejificha gizani anaogelea kwenye kijivu. Mara nyingine HDR kwenye runinga ya namna hiyo huonekana mbaya kuliko kuizima kabisa. Ili kuifaidi, tafuta niti 600 kwenda juu, ikiwezekana 1,000, pamoja na uwezo wa kuzima taa sehemu moja na kuziwasha sehemu nyingine.

Kuna njia mbili kuu za kufika huko. Ya kwanza ni mini-LED, yaani taa ndogo nyingi nyuma ya kioo zilizogawanywa katika maeneo mamia au maelfu, kila eneo likijitegemea. Runinga hizi huwaka sana na hustahimili sebule yenye madirisha, ila utaona utando hafifu wa mwanga kuzunguka maandishi meupe juu ya weusi. Ya pili ni OLED, ambayo kila pikseli hujiwashia mwanga wake na kujizima yenyewe. Weusi wake ni weusi kweli, na mwendo wake ni safi kuliko wote. Jihadhari na jina QLED, linalofanana na OLED kwa herufi tu: QLED ni LED iliyoongezewa tabaka la rangi, na yaweza kuwa nzuri au duni. Na ukisikia runinga fulani haina Dolby Vision, ambayo ni aina mojawapo ya HDR, usikate tamaa. PlayStation 5 hutumia aina nyingine, HDR10, kwenye gemu, haitumii Dolby Vision. Mwenye Xbox ndiye anayepaswa kulifikiria hilo.

Rafiki yako amekuambia OLED huungua. Hakukosea, ila amekueleza nusu tu. Vitu vinavyotoa mwanga kwenye OLED huchakaa kadiri vinavyotumika, na pikseli inayowaka sana mahali palepale huchakaa kuliko jirani zake. Siku moja jirani zake wanapowaka sawasawa, ile iliyochoka inaonekana kama kivuli. Kinacholeta hali hiyo ni mambo matatu yakikutana: saa nyingi, mwanga mkali, na alama ileile mahali palepale. Gemu zako za jioni, leo mpira na kesho risasi, hazinitishi. Kinachonitia wasiwasi katika barua yako ni taarifa ya habari ya mchana. Nembo ya kituo pembeni na ule mstari wa maandishi unaopita chini, chaneli ileile kila siku, ni mazingira magumu kwa OLED kuliko gemu yoyote.

OLED za kisasa zina kinga zake. Husogeza picha kidogo kidogo bila wewe kugundua, hufifisha nembo zilizosimama muda mrefu, na zikishazimwa kwa rimoti hufanya usafi wao wenyewe wa kusawazisha pikseli. Hili la mwisho wengi hulivuruga bila kujua: wakimaliza tu kutazama, huzima na swichi ya ukutani. Usafi huo unahitaji umeme, kwa hiyo runinga ya aina hii izime kwa rimoti na uiache kwenye umeme.

Basi hukumu yangu ni hii. Ikiwa habari hutazamwa saa moja au mbili kwa siku, mwanga ukiwa wa wastani, ningechukua OLED bila hofu, kwa sababu ya gemu zako za risasi. Ikiwa runinga hukaa kwenye chaneli ya habari tangu asubuhi hadi unaporudi, au sebule inaingia jua la moja kwa moja, chukua mini-LED ya Hz 120 yenye VRR, na usijione umepata kitu cha daraja la chini. Kwa maelezo uliyonipa, naelekea zaidi kwenye mini-LED. Na kama mfuko hauruhusu yote hayo, runinga ya Hz 60 yenye weusi mzuri na uchelewaji mdogo ni bora kuliko ya Hz 120 iliyobanwa kila mahali ili ifike bei fulani.

Kuhusu ukubwa, muuzaji wa kwanza amepatia. Chukua ulalo wa kioo, uzidishe kwa 1.2 hadi 1.6, upate umbali wa kukaa. Inchi 65 ni sentimita 165, kwa hiyo umbali wake ni kati ya mita 2 na 2.6. Wewe uko ndani kabisa. Inchi 55 itaonekana ndogo kidogo, lakini haitakuharibia mchezo. Pima meza kabla ya kulipa: runinga ya inchi 65 ina upana wa takriban sentimita 144, na nyingine miguu yake iko mwishoni kabisa mwa pande mbili.

Muuzaji akikubali, nenda na PlayStation yako na pedi, ucheze dukani dakika kumi. Mwombe aitoe runinga kwenye hali ya maonyesho ya duka, ambayo hukoleza rangi kupita kiasi, na awashe hali ya gemu. Kisha cheza sehemu yenye giza.

Ukiifikisha nyumbani, tumia waya wa HDMI uliokuja na PlayStation, unatosha. Ukihitaji mrefu zaidi, tafuta wenye cheti na maandishi Ultra High Speed. Chomeka kwenye tundu la Hz 120, halafu ingia kwenye mipangilio ya tundu hilo na uruhusu mawimbi ya kiwango cha juu, kwani runinga nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimeyafunga. Zima mpangilio wa kubana umeme, maana hufifisha picha. Kwenye PlayStation fungua mipangilio ya skrini na video, rekebisha HDR kwa kufuata maelekezo yake, kisha tazama ukurasa wa taarifa za video inayotoka. Hapo PlayStation yenyewe itakuambia runinga inapokea nini: mwonekano, Hz, HDR na VRR. Fanya hivyo siku ya kwanza, huku muda wa kurudisha bidhaa ukiwa bado upo, na ukikuta kinachoonekana si kile ulichoahidiwa, irudishe.

Kuna mambo usiyamalize peke yako. Picha ikikatika au kuwa nyeusi kwa sekunde moja moja hata baada ya kubadili waya na tundu, mwite fundi wa kampuni iliyotoa dhamana, na usifungue mgongo wa runinga, kwani ndani hubaki umeme hata ikiwa imechomolewa. Kuitundika inchi 65 ukutani ni kazi ya mtu anayejua ukuta huo umejengwa kwa vifaa gani. Na kama wewe au mtu yeyote nyumbani ana kifafa, au mwanga unaometameta humletea kizunguzungu na maumivu ya kichwa, zungumza na daktari kabla ya kuweka kioo kikubwa na chenye kuwaka namna hiyo mita mbili na nusu kutoka usoni pake.